Mtambo Mmoja, Masikio Mawili

2 Februari

Mkwe wangu,

Baada ya salamu, natangaza rasmi, kwako na kwa yeyote anayeisoma barua hii kwa kuchungulia begani kwako (mwanangu, shikamoo yako sijaisikia), kwamba tangu Jumamosi sebule yetu inamiliki mtambo mmoja wa sauti wenye watoto wawili. Wa kwanza ni gramafoni yangu, wa pili ni kompyuta mliyonizawadia, na wote wawili wananyonya kwenye amplifaya moja na kulilia kwenye spika zile zile. Hafla ya ufunguzi, ulipokwisha kuondoka, ilihudhuriwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mama mkwe wako, na alisinzia.

Majirani nimewaambia ni kazi ya mkono wa mkwe wangu. Kinyozi wa mlango wa pili alikuja kukagua. Aliingiza kichwa nyuma ya kabati, akakaa huko kama mtu anayesoma gazeti, akatoka akasema, "Mzee, nyumba yako nyuma ni safi kuliko mbele." Nikamwambia, "Ndiyo tofauti ya fundi na mtaalamu." Kanteni nako nimewaambia. Alhamisi, kabla ya mazoezi, kwaya nzima ya Idara ya Maji ilisikiliza habari zako ikiwa imesimama, sauti ya kwanza hadi ya nne, na unajua watu wa besi walivyo wavivu wa kusimama. Kusoma mita nimestaafu, lakini kwaya hiyo niliianzisha mimi, na kusikilizwa sijastaafu.

Kuna kajambo kamoja, wala si lalamiko. Gramafoni imekuwa na adabu mno. Santuri iliyokuwa ikiimba sasa inanong'ona, kama watu wanaomsengenya mtu aliye chumba cha pili. Kompyuta kwa upande wake inanguruma kama mtu aliyekanyagwa kidole. Ndivyo mitambo inavyokuwa ikiungwa kitaalamu? Nauliza kwa kujielimisha tu.

Mama anawasalimu.

Mkweo,
Msoma Mita (mstaafu)


10 Februari

Mzee wangu, shikamoo.

Barua imefika, nasi hatujambo. Mwanao anasema shikamoo mara mbili, ya juzi na ya leo.

Nimefurahi sana kuwa mtambo umepokelewa vizuri. Ile picha niliyopiga nyuma ya kabati nimeibandika ukutani ofisini, juu ya mashine ya kuchapia, na wenzangu wameisifu. Bosi amesema hajapata kuona nyaya zilizolala sambamba namna ile. Baada ya kusoma barua yako niliibandua nikaitazama kwa karibu, dirishani. Kisha nikairudisha. Hakuna tatizo lolote.

Kuhusu unyonge wa gramafoni, hiyo ni kawaida. Chombo cha zamani kikiwekwa pamoja na cha kisasa huhitaji muda wa kuzoeana. Wewe ongeza tu sauti kwenye amplifaya, usiogope, zungusha hadi utakaporidhika.

Kwa udadisi tu, Mzee, wala sina sababu maalumu: zile nyuzi za kushonea ulizokuwa umezifunga nyuma ya amplifaya, ambazo nilizikata ili pawe nadhifu, ule mwekundu ulikuwa unaonyesha nini? Si lazima ujibu.

Mwanao,
Mkwe


19 Februari

Mkwe wangu,

Kujibu ni lazima, mtu akiuliza kwa adabu. Uzi mwekundu ulikuwa wa gramafoni: mmoja kwenye waya wake, mwingine kwenye tundu lake, maana maandishi ya nyuma ya amplifaya yalifutika kabla wewe hujaota meno. Mweupe ulikuwa wa redio, na redio yenyewe ilishakufa. Ulipozikata nyuzi zile nilifurahi. Nilisema moyoni, mwenye macho haambiwi tazama.

Maagizo nimeyafuata. Nilizungusha hadi kitufe kikakataa kwenda mbele. Hapo santuri nikaisikia kidogo, pamoja na mvumo kama wa nyuki aliyefungiwa chupani. Nikiwa nimefumba macho, mwanangu akapiga simu kwenye kompyuta. Nikageuza swichi kutoka gramafoni kwenda kompyuta, sauti nikaiacha pale pale ilipokuwa. Mkwe, sikujua kwamba neno "Baba" linaweza kumwangusha mtu. Miwani ya Mama iliruka kutoka puani. Kinyozi aliingia na wembe mkononi akiuliza nani amekufa, na nyuma yake mteja mwenye ndevu upande mmoja, akiuliza yeye anamaliziwa lini. Tangu siku hiyo spika ya kushoto inakohoa. Mwanangu tulimwambia mtandao ulikatika.

Sasa nikuambie ambalo Mama simwambii, nawe usimwambie mke wako. Mtambo hauna kosa. Mtambo umeungwa na mtaalamu. Kosa ni masikio yangu.

Nimelichunguza jambo hili kama nilivyokuwa nikichunguza mita. Mita ikisoma vibaya, usilaumu maji. Sauti ndogo sizisikii, na kubwa zinaniumiza. Mwenzangu mmoja kazini alianza hivyo hivyo: anamwambia mkewe "paza sauti", akipaza anamwambia "mbona unanipigia kelele?" Mwaka haukuisha akawa kiziwi. Halafu kuna Mama. Yeye ambaye nikiweka santuri alikuwa akigonga ukuta kwa mwiko, siku hizi amenyamaza kimya. Najua kwa nini. Ananiona nimeinamisha sikio kwenye spika, ananionea huruma.

Hata kwaya nimeanza kuisikia kwa mbali. Alhamisi iliyopita niliwaambia waongeze sauti, wakaongeza. Nikasema bado, wakaongeza. Ikawa hivyo hadi mpishi wa kanteni akatoka kusema masufuria yanatikisika. Watu walitazamana, nami nikajifanya natafuta ukurasa. Kiongozi wa kwaya asiyesikia ni kama msoma mita kipofu: atakuandikia tu. Na mwezi wa nne tunaimba kwenye uzinduzi wa makao makuu mapya, mbele ya wakubwa wote wa Idara. Siwezi kuwaaibisha watu niliowafundisha kufungua mdomo. Nafikiria kuachia kwaya.

Aibu hii naiweka mikononi mwako, kwa kuwa wewe ni mtu wa mitambo, na mtu wa mitambo hacheki kilichoharibika.

Mkweo,
Msoma Mita (mstaafu)


27 Februari

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni, hapa ofisini, kwa kuwa huko ndiko kwenye mlango unaofungwa.

Pole sana. Masikio ni jambo zito. Lakini, Mzee, usiharakishe kuyahukumu. Waya nao huchoka. Kuna vumbi. Kuna unyevu. Kuna mambo mengi yanayoweza kuingia kati ya santuri na mtu bila mtu mwenyewe kuwa na kosa, na pengine bila mtu mwingine yeyote kuwa na kosa. Ningekushauri umwone daktari wa masikio kabla ya kuchukua hatua yoyote kuhusu kwaya. Mwezi wa nne, nikipata ruhusa, nitakuja kuutazama mtambo mwenyewe. Kabla ya hapo tafadhali usimruhusu mtu kuugusa, hasa kinyozi.

Kuna jambo jingine nililotaka kulisema, ila naona ukurasa umejaa.

Mwanao,
Mkwe


8 Machi

Mkwe wangu,

Ukurasa uliosema umejaa ulikuwa na nusu nzima tupu. Ndiyo hii ninayokuandikia, igeuze uone. Karatasi haitupwi. Nimekuelewa lakini: ulitaka kunifariji, ukakosa neno. Usijali, hata Mama hukosa, naye ana mengi.

Kwa daktari siendi. Nifunge safari kwenda kuambiwa ninachokijua?

Alhamisi nimekabidhi kwaya. Sikutaja masikio, nilitaja umri, maana umri ni ugonjwa usioulizwa maswali. Kile kifilimbi changu cha kutafutia sauti nilimpa Binti wa Stoo, yule anayegawa mabomba na koki, mwenye sauti ya pili. Ni mimi niliyemfundisha. Alipokuja alikuwa akiimba kama bawaba. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, tutajitahidi." Nilikuwa nimejiandaa kusihiwa nibaki. Majibu nilikuwa nayo, la kukataa kwa upole na la kukataa kwa mkazo. Hayakuhitajika. Walipiga makofi. Yalikuwa makofi marefu. Mpishi naye alitoka jikoni, akapiga.

Nilirudi nyumbani mapema. Mama akauliza, "Leo hamkuimba?" Nikamwambia wameimba. Gramafoni nimeifunika kwa kitambaa cha meza. Kinyozi ameuliza mbona kimya, nimemwambia tunabana umeme.

Ahsante kwa kunitunzia siri. Mwingine angekwisha kunitangaza. Juzi nilimwambia Mama, bila kumweleza kisa, kwamba katika mambo yote binti yetu amepata bahati moja kubwa: kuolewa na mtu mkweli.

Mkweo,
Msoma Mita (mstaafu)


14 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo leo siiandiki, sina uso wa kuitikiwa.

Masikio yako ni mazima. Ni mimi niliyekosea nyaya.

Nyuma ya amplifaya kuna tundu la gramafoni, lile la uzi mwekundu. Sindano ya santuri hutoa sauti ndogo mno, kwa hiyo ndani ya tundu hilo wameweka kikuza sauti cha ziada. Matundu mengine hayana, kwa sababu vyombo vingine huja na sauti iliyokwisha kushiba. Siku ile waya wa kompyuta ulikuwa mfupi. Ulifika kwenye tundu la karibu tu, nalo ndilo la gramafoni. Nikakata nyuzi, nikaichomeka kompyuta hapo, na gramafoni nikaihamishia kwenye tundu la redio. Basi gramafoni ikawa inakufa njaa, na kompyuta, iliyokuja imeshiba, ikawa inalishwa kwa nguvu. Ule mnong'ono na ule mngurumo, vyote viwili ni vyangu. Kikohozi cha spika nacho ni changu.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilipoipeleka ile picha dirishani niliona waya umeingia wapi, nikashuku. Uliponijibu kuhusu uzi mwekundu, shaka ikaisha. Mstari mmoja tu ungetosha. Lakini ulikuwa umekwisha kuniita mtaalamu mbele ya kwaya nzima, na wao wamesimama. Nilijiambia nitakuja mwezi wa nne, nibadilishe nyaya wewe ukiwa nje, halafu niseme lilikuwa vumbi.

Ukweli ni kwamba ofisini kazi yangu ni kubadilisha wino wa mashine ya kuchapia. Nikimaliza wananiita Mtaalamu, nami naitika.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mke wangu, kwa sababu lile neno "mkweli" lilinishinda kulala nalo peke yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo baba yangu amejiona kiziwi ili wewe usionekane mjinga?" Nikasema si hivyo hasa. Akasema, "Ni vipi hasa?" Sasa hivi ameketi upande wa pili wa meza. Hachungulii barua. Anasema anataka kuuona uso unavyoandika.

Zima amplifaya kwanza. Waya wa gramafoni uurudishe kwenye tundu ulipo waya wa kompyuta, na wa kompyuta uuweke ulikotoa wa gramafoni. Ukiona wa kompyuta haufiki, sogeza meza. Ndiyo, Mzee. Siku ile ingetosha kusogeza meza.

Halafu nenda ukaichukue kwaya yako. Nakuomba usinipigie simu kwanza.

Picha nimeibandua. Bosi ameuliza iko wapi, nimemwambia imeanguka. Hilo nalo si kweli.

Mwanao, kama bado,
Mkwe


23 Machi

Mkwe,

Nilikasirika tangu barua ilipofika hadi Mama alipoleta chai, na baada ya chai nikaendelea. Nilikuandikia jibu, nikamsomea kinyozi. Akasema, "Mzee, barua hii ukiituma, itarudi na polisi." Nikaichana. Halafu tukasogeza meza, yeye upande ule na mimi upande huu. Tulisogeza kiasi cha shubiri moja.

Nikaweka sindano. Santuri ilifungua mdomo nikarudi nyuma nikakalia miwani ya Mama. Mwenyewe akatoka jikoni na mwiko, akaugonga ukuta hadi chokaa ikadondoka. Sijapata kuufurahia ukuta kugongwa namna ile. Nikamuuliza, "Kumbe muda wote ulijua sauti imepungua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani umestaarabika. Mtu akistaarabika anaulizwa kwa nini?"

Kinyozi alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye kiti nikaona na mimi nina langu. Watu wawili walikuwa karibu yangu wenye masikio manne mazima. Kumuuliza mmoja wao tu, "Hivi hii unaisikia?" kungemaliza mambo. Sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukutangaza. Kati ya kuwa na mkwe asiyejua na kuwa kiziwi, nilichagua kuwa kiziwi, maana kiziwi akichekwa hasikii. Kwa hiyo usijitwike aibu yote, nyingine ni yangu na sitaki unichukulie. Lile neno nililomwambia Mama kuhusu ukweli wako nimelirudisha nusu. Nusu nyingine nimeiacha kwa sababu ya barua yako ya mwisho. Mwanangu mwambie uso wako sasa autazame kwa sababu nyingine. Na shikamoo yako ilete, nitaitikia.

Kwa daktari nimekwenda. Amesema masikio yangu ni ya kijana, akauliza ni nani aliyenituma. Nikasema mkwe. Akasema, "Una mkwe mwema."

Alhamisi nikavaa koti, nikaenda kuichukua kwaya. Njiani nilijaribu maneno. "Ndugu zangu, nilijiuzulu kwa sababu ya waya." Ilisikika vibaya. "Kwa sababu ya mkwe." Ilisikika vibaya zaidi, na ningekuwa nakuvua nguo mbele ya watu niliowasimamisha kwa ajili yako. Nikaamua kusema tu kwamba nimepona, ugonjwa wajitafutie wenyewe.

Nilifika wamekwisha kuanza. Sikutaka kuukata wimbo, nikasimama nje kwenye dirisha la jikoni, penye makreti matupu. Mpishi alinitolea kigoda bila kuuliza. Wimbo ulikuwa ni wa uzinduzi, niliowafundisha mimi, ila wanaupeleka taratibu kidogo. Besi wamesimama, na sikusikia mtu akiwaambia wasimame. Sauti ya pili, ambayo miaka yote nilijua ipo kwa sababu nilikuwa naiona midomo yao ikifunguka, niliisikia neno kwa neno. Hakuna aliyepiga kelele. Walimaliza, Binti wa Stoo akasema kitu, wakacheka, wakarudia. Nikausikiliza tena wote.

Mpishi akauliza, "Unaingia, Mzee?"

Nikamwambia napita tu. Nikamrudishia kigoda chake.

Mwezi wa nne njooni kama mlivyopanga. Spika ya kushoto bado inakohoa na sijamruhusu mtu kuigusa. Masikio yangu ni mazima kabisa, mkwe. Wanaimba vizuri kuliko walivyokuwa wakiimba na mimi.

Mkweo,
Msoma Mita (mstaafu)